Mtoto Asiyesema, Ofisi Isiyosikia: Ulemavu wa Akili katika Riwaya na katika Nyaraka za Huduma za Umma nchini Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umewashughulikia kwa kina mwanamke anayedhulumiwa, mkulima anayenyonywa, mfanyakazi anayegoma na msomi aliyetengwa na jamii yake. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hajapata mhakiki wake. Katika fasihi yumo, ila huingia kama ishara ya jambo jingine na kutoka mara tu ishara hiyo inapokwisha kufanya kazi yake. Makala haya yananuia kumchunguza mtoto huyo katika aina mbili za matini ambazo kwa kawaida hazisomwi pamoja: riwaya kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili nyaraka ambazo mzazi hulazimika kuzijaza ili mtoto wake apate elimu, matibabu na ruzuku kutoka kwa serikali.

Hoja inayotetewa ni kwamba matini hizi, licha ya kutofautiana kwa nia na kwa mtindo, zinafuata kanuni moja ya usimulizi. Zote mbili humhitaji mtoto awe upungufu: riwaya ili ipate maana, ofisi ili itoe huduma. Anayebaki katikati ni mzazi, ambaye anamjua mtoto kama mtu, na ambaye hadithi yake haijapata utanzu wa kuipokea.

Kinadharia, mjadala huu unategemea kazi mbili. Mitchell na Snyder (2000) wanadai kwamba usimulizi huuegemea ulemavu kama mtu anavyouegemea mguu wa bandia: hadithi huanza kwa sababu kuna kasoro inayohitaji kuelezwa, kisha kasoro hiyo huponywa, huadhibiwa au hufutwa ili hadithi iishe. Naye Quayson (2007), mhakiki wa asili ya Ghana, anaonyesha kwamba mbele ya mhusika mlemavu matini yenyewe huingiwa na wasiwasi, na mikondo yake ya kawaida ya uwakilishi ikavurugika. Nadharia zote mbili ziliundwa kwa ajili ya fasihi. Makala haya yanadokeza kwamba zinafaa pia kusomea fomu ya serikali.

Ulemavu kama Jazanda

Mfano ulio dhahiri zaidi katika riwaya ya Kiswahili ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kwa mkabala wa udhanaishi, na kwa haki: Kazimoto ni kijana msomi anayetafuta maana ya maisha asiipate, na hatimaye anajiua. Hata hivyo, katika mkondo wa matukio unaomfikisha huko, kuzaliwa kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi kuna uzito wa pekee. Mtoto huyo anasomwa na wahusika, na wahakiki pia, kama ushahidi juu ya baba yake: ushahidi wa maradhi, wa uasherati, wa kizazi kilichooza. Jina la riwaya lenyewe linalifanya umbo la kichwa kuwa hukumu juu ya usomi mtupu. Swali ambalo halijaulizwa ni dogo na la kawaida: mtoto huyo ni nani?

Hali inayofanana na ile inayosawiriwa katika riwaya inajulikana na madaktari, na upasuaji wa kuyaondoa maji kichwani kwa mrija umekuwako tangu katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo, mwaka wa 1974, jambo ambalo katika riwaya ni ajali ya ulimwengu usio na maana lilikuwa pia, mahali pengine duniani, jambo la hospitali, la daktari na la foleni. Hoja hii haimlaumu Kezilahabi, ambaye hakuwa anaandika ripoti ya afya. Inachoonyesha ni kwamba falsafa ya riwaya inategemea kutokuwako kwa huduma. Laiti kungekuwa na mlango wa kubisha, kichwa cha mtoto kisingeweza kubeba uzito wote wa ubatili ambao mwandishi ameutwika.

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), ingawa imeandikwa kwa Kiingereza, inatoa mifano miwili ambayo mhakiki wa fasihi ya Kenya hawezi kuipuuza. Wa kwanza ni Gitogo, kijana kiziwi asiyesema, mwana wa bikizee maskini. Wakati wa Hali ya Hatari anaamriwa asimame. Hakusikia amri, akapigwa risasi. Katika tukio hili fupi dola inazungumza, raia hasikii, na kutosikia kwake kunahesabiwa kuwa uasi. Wa pili ni Githua, mtu wa mguu mmoja, ambaye huwaambia watu kwamba mguu wake ulikwenda kwa risasi za mkoloni. Baadaye inafichuka kwamba ulivunjika katika ajali ya lori. Wahakiki wamezoea kumwona Githua kama kielelezo cha uongo unaowazunguka mashujaa wa uhuru. Usomaji mwingine unawezekana. Githua ametambua kwamba taifa jipya lina hadithi moja tu inayoweza kumpa mlemavu heshima, naye akauvisha mguu wake hadithi hiyo. Aliyeumia katika ajali ya kawaida hana wa kumsikiliza. Aliyeumia vitani ana dai. Githua, kwa maneno mengine, amejifunza kujaza fomu.

Fomu kama Utanzu

Historia ya huduma za umma kwa watoto hawa nchini Kenya si fupi. Baada ya kazi ya awali iliyofanywa zaidi na makanisa na mashirika ya hisani, vituo vya kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka wa 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ili kuwafunza walimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka wa 2008 Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao. Katiba ya 2010 ikaziweka haki hizo katika Ibara ya 54. Na mwaka wa 2025 ikapitishwa sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Anayedai kwamba hakuna kilichofanyika anaipotosha historia.

Lakini sheria humfikia mzazi kwa njia ya karatasi. Mtoto hupelekwa kwanza, aghalabu, katika kituo cha tathmini ya elimu, ambako hupendekezewa shule maalumu, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au darasa la kawaida. Ili asajiliwe na Baraza, hana budi kutathminiwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, ripoti ya madaktari ipitishwe, ndipo apate kadi. Ruzuku ya fedha kwa watu wenye ulemavu mkali, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya, ina mlango wake mwingine na uchunguzi wake mwingine: kaya iwe maskini, na mtoto awe ni wa kuangaliwa usiku na mchana. Katika kila mlango mama husimulia upya. Huyu mama, ambaye huenda anazungumza Kigiriama au Kiluhya nyumbani, husimulia kwa Kiswahili. Mwenye kalamu husikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Baina ya kinywa na karatasi hadithi imekwisha kutafsiriwa mara mbili.

Fomu, ikisomwa kama utanzu, ina kanuni zake. Haina msimulizi, ina mhusika mmoja, wakati wake ni mmoja, na kitenzi chake kikuu ni hawezi. Hawezi kula mwenyewe. Hawezi kuvaa. Hawezi kwenda msalani. Hawezi kusema. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa njeo na hali, na utajiri huo ndio hasa ambao usemi wa mzazi huutumia. Mama hasemi tu kwamba mtoto hawezi kushika kijiko. Husema kwamba mwaka jana alikuwa hashiki, siku hizi ameanza kukishika, akichoka hukitupa, akiimbiwa hukiokota tena. Katika sentensi hiyo moja mna wakati uliopita, tendo timilifu, sharti na mazoea. Mna pia mtoto: mwenye historia, mwenye hasira, mwenye wimbo aupendao. Yote hayo yanapofika kwenye karatasi hubakia kisanduku kimoja chenye alama.

Hapa ndipo kinaya kinapozuka. Huduma zimepangwa kwa viwango vya ukali wa ulemavu, na ruzuku ni ya walio katika hali kali. Mzazi aliyefanya kazi ya miaka mitatu kumfundisha mwanawe kushika kijiko anaingia ofisini akijua kwamba kijiko hicho kinaweza kumnyima fedha. Akisema ukweli wote, mtoto ataonekana hahitaji sana. Akinyamaza, atakuwa ameikana kazi ya mikono yake mwenyewe mbele ya mtoto anayemsikia, ijapokuwa hasemi. Mbele ya shule mambo hugeuka: hapo ni lazima athibitishe kwamba mtoto anaweza, anaketi, anajisaidia mwenyewe, hatawasumbua wenziwe, la sivyo ataambiwa nafasi hakuna. Kwa hiyo mzazi mmoja hulazimika kuwa na hadithi mbili za mtoto mmoja, moja ya hawezi na nyingine ya anaweza, na kukumbuka ni ipi ya mlango upi. Githua alikuwa na moja tu.

Yamkini itajibiwa kwamba fedha za umma ni chache na hazina budi kupimwa. Kwamba bila kigezo, aliye na sauti kubwa ndiye atakayepata na mwenye shida zaidi akakosa. Jibu hili lina uzito, na halikanushwi hapa. Kipimo ni cha lazima. Ila kipimo kinachotambua aina moja tu ya sentensi hakipimi uhitaji. Kinapima uwezo wa mzazi wa kuisema sentensi hiyo. Mzazi aliyesoma, anayejua neno lipi linatakiwa, hufaulu katika ziara ya pili. Yule asiyejua hurudi nyumbani akaja tena, na nauli ya kuja tena ni sehemu ya shilingi 2,000 anazozifuata.

Suala la Istilahi

Ibara ya 54 ya Katiba ina jambo ambalo wanaisimu hawajalitilia maanani vya kutosha. Haki ya kwanza inayotajwa humo, kabla ya elimu, usafiri na vifaa, ni ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyodunisha. Katiba imeanza na jina. Ilikuwa na sababu: Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni, katika kifungu cha 146, iliwataja watu hawa kwa maneno ya Kiingereza ambayo Kiswahili chake kisicho na staha ni majuha na mapunguani. Maneno hayo yalikuwa yametumika katika sheria ya Uingereza ya 1913 kama vyeo vya kitaalamu. Kilichokuwa istilahi ya daktari kikawa tusi la mtaani, nalo tusi likasalia katika sheria.

Kiswahili nacho kina safari yake. Neno taahira lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuchelewa, na kwa hiyo, kwa chimbuko lake, linakaribiana na lugha ya kisasa ya makuzi yaliyochelewa. Punguani limetokana na kupungua. Juha limetoka katika vichekesho na ngano. Baadaye yakaja mtindio wa ubongo, usonji na ulemavu wa akili. Kuna pia hoja inayorudiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili kimewatia walemavu katika ngeli ya vitu kwa kuwaita kilema, kiziwi na kipofu. Hoja hii haijitoshelezi. Kiongozi, kijana na kinyozi wana kiambishi kicho hicho, na wote, pamoja na kipofu, huchukua upatanisho wa viumbe hai: kipofu amekuja, kiongozi amekuja. Dharau haikai katika kiambishi. Hukaa katika nafasi ya mtu katika sentensi. Mtoto mwenye usonji aliye mtendwa katika kila kishazi, anayepimwa, anayepelekwa, anayesajiliwa, amedunishwa hata kama jina aliloitwa ni safi.

Badiliko la istilahi, basi, ni la lazima na halitoshi. Neno jipya likitiwa katika kisanduku cha zamani litazeeka upesi. Historia ya taahira ni onyo.

Ngano ya Mtoto Aliyefichwa

Kati ya matini za ofisi na za riwaya kuna ya tatu, ambayo husimuliwa katika mikutano ya hadhara, redioni na katika vijitabu vya mashirika: ngano ya mtoto aliyefichwa. Muundo wake haubadiliki. Kuna mzazi mjinga aliyeona haya. Kuna chumba chenye giza. Kuna mgeni msomi anayefungua mlango. Kuna mtoto anayetolewa nuruni. Kama ngano zote, ina ukweli ndani yake. Wapo watoto waliofungiwa, na wapo waliodhaniwa kuwa ni laana.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 wanaanthropolojia wametia shaka. Benedicte Ingstad, ambaye alifanya utafiti Botswana na aliyehariri pamoja na Susan Reynolds Whyte kitabu cha 1995 kuhusu ulemavu na utamaduni, alionya kwamba picha ya familia za Kiafrika zinazowaficha watoto wao imekuwa hekaya inayoficha mambo mengine: umaskini, uchache wa mikono nyumbani, na kutokuwako kwa huduma. Mama anayefunga mlango asubuhi ili aende kufua nguo za watu, akijua kwamba mtoto akitoka ataingia barabarani, hamfichi mtoto kwa haya. Amefanya kwa kufuli kazi ambayo ingefanywa na kituo cha kutwa kama kingekuwako. Ngano inageuza ukosefu wa kituo kuwa ukosefu wa maadili, na katika mageuzi hayo dola inatoka jukwaani bila kuonekana.

Methali nazo hushirikiana na ngano hii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ni hekima inapozungumzia adabu. Ikitumiwa kwa mtoto mwenye ulemavu wa makuzi ni mashtaka. Hujafa hujaumbika, kwa upande mwingine, humkanya anayecheka kwa kumkumbusha kwamba umbo lake mwenyewe halijakamilika. Methali hii ya pili inakaribia zaidi fikra ya haki, kwa kuwa inamweka mcheka na mchekwa katika hali moja. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba lugha ilikuwa na fikra hii kabla ya sheria yoyote.

Wosia kwa Asiyeweza Kuupokea

Ikiwa riwaya, fomu na ngano zimeshindwa, je, fasihi ya Kiswahili ina utanzu wowote unaoweza kumpokea mzazi huyu? Upo mmoja, ingawa si katika hali yake ya sasa. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi alioutunga karibu mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa, anamwachia binti yake wosia wa namna ya kuishi baada ya mama kuondoka. Mabishano kuhusu utendi huo yamekuwa juu ya nafasi ya mwanamke: je, unamfunga au unamfundisha mbinu? Mabishano hayo yameacha kando hali iliyouzaa, nayo ni hofu ya mzazi anayekaribia kufa juu ya mtoto atakayebaki.

Hofu hiyo ndiyo hofu kuu ya mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Madai yote ya shule, kadi na ruzuku yana swali moja chini yake: nikifa, nani? Lakini utanzu wa wosia unamtegemea mtoto anayesikia, anayehifadhi, anayeweza kuusoma tena atakapokua. Mama wa mtoto asiyesema hawezi kumwelekezea mtoto wosia wake. Hana budi kuwaelekezea wengine: ndugu zake, jirani, mwalimu, chifu, ofisi. Naye hana uhakika kwamba ofisi ni msikilizaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema wahenga. Tatizo lake ni kwamba anayeujua ataondoka nao.

Hapa pana kazi kwa mtunzi. Wosia ulioelekezwa kwa jamii, unaoeleza kwamba mtoto huyu huokota kijiko akiimbiwa, na ni wimbo gani, ungekuwa mashairi na ungekuwa pia waraka wa huduma. Ungeipa ofisi kitu ambacho kisanduku hakiwezi kukibeba, na ungeipa fasihi mhusika ambaye si ishara ya dhambi ya baba yake. Tamthilia nayo ina nafasi. Ukumbi wa kungojea, wenye benchi moja, dirisha moja na watu wasioitwa, ni jukwaa lililo tayari. Mchezo wa kuigiza unaweza kumweka mtoto mbele ya hadhira kwa saa nzima bila kumlazimisha aseme, jambo ambalo riwaya imeona vigumu kulifanya.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili amesimuliwa kwa kanuni moja katika matini zinazodhaniwa kuwa mbalimbali. Katika Kichwamaji ni hukumu. Katika A Grain of Wheat ulemavu ni amri isiyosikika au hadithi iliyobuniwa ili mtu aheshimiwe. Katika fomu ni orodha ya asiyoyaweza. Katika ngano ya mikutano ni siri ya aibu. Mzazi hulazimika kuzitumia lugha hizo zote, kwa sababu huduma hupatikana kwazo.

Mhakiki hana uwezo wa kuongeza vituo wala kupandisha ruzuku. Ana uwezo wa kusoma, na uwezo huo haupaswi kuishia kwenye mlango wa maktaba. Fomu ya tathmini inasomwa na kuandikwa nchini kila siku, na huamua ni mtoto yupi atakayeingia darasani. Matini yenye nguvu kiasi hicho inastahili kuchambuliwa kwa makini kama yale yanayoelekezwa kwa riwaya: nani anasimulia, kwa njeo gani, nani amenyamazishwa, na ni sentensi gani isiyo na nafasi. Uchambuzi huo ukifanywa vyema, walioiandika fomu wanaweza kuona kwamba mstari mmoja mtupu chini ya ukurasa, ambapo mzazi angeandika kwa lugha yake kile ambacho mtoto ameanza kukiweza, hauigharimu serikali chochote, na hauna sababu ya kumpunguzia mtoto haki yake.